Jinsi Vikundi vya Wafugaji wa Kuku Nakuru, Kisumu na Magharibi Vinavyoweza Kupima, Kubadilishana na Kutumia Maarifa ya Mayai na Nyama

Mfugaji wa kuku wa Bahati, Njoro au Rongai hana uhaba wa ushauri. Muuza dawa ana wake, ajenti wa vifaranga ana wake, muuza chakula ana wake, na jirani aliyeanza kufuga zamani ana wake pia. Kinachokosekana ni njia ya kujua ni ushauri upi uliopimwa, ulipimwa wapi, na kwa kuku wa aina gani. Mwongozo huu unaeleza jinsi kikundi cha wafugaji, kikiwa na daftari, mizani na uhusiano mwema na taasisi za utafiti zilizo karibu, kinavyoweza kukusanya maarifa yake, kuyalinganisha na ya wataalamu, na kuyatumia kupunguza gharama ya kila trei ya mayai au kila kilo ya nyama. Umejikita katika kuku kwa sababu ndio wanaotoa mayai na nyama katika maboma mengi ya ukanda huu, ingawa mengi yanayosemwa hapa yanawafaa pia wafugaji wa nguruwe na sungura.

Kuunda kikundi

Kikundi cha kubadilishana maarifa hakihitaji kuwa kikubwa, lakini kinahitaji kuwa na watu wanaofuga kitu kinachofanana. Mfugaji wa kuku wa mayai 500 walio ndani ya banda na mfugaji wa kienyeji 30 wanaozurura shambani wote wana mengi ya kusema, ila takwimu zao hazilinganishiki. Ni heri kila upande uwe na jedwali lake ndani ya kikundi kimoja. Wanachama kati ya 10 na 15 wanatosha. Wakipungua sana, banda moja likipata ugonjwa kikundi kizima hukosa cha kulinganisha, na wakizidi sana, katibu huishia kuwakimbiza watu kwa simu akitafuta takwimu badala ya kuzisoma.

Inafaa kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kwa kuwa ofisi za kaunti, vyuo vikuu na benki hupendelea kushughulika na kikundi chenye cheti, katiba na akaunti. Baada ya hapo, uamuzi wa kwanza wa maana si wa fedha bali ni wa mahali pa kukutania. Mikutano isifanyiwe bandani. Wafugaji kumi wanaotoka kwenye mabanda kumi na kukanyaga banda la kumi na moja kwa viatu vilevile ni njia nzuri ya kusambaza kideri, Gumboro na taifodi ya kuku katika kata nzima kwa asubuhi moja. Mkutane kanisani, shuleni, katika ofisi ya chifu au chini ya mti, na pale ambapo ni lazima kuona banda, mwenyeji awape wageni viatu vyake vya mpira na dawa ya kuua viini mlangoni, na wageni waanze na banda la vifaranga kabla ya kwenda kwa kuku wakubwa.

Kukubaliana vipimo

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Mfugaji mmoja akisema kuku wake wanakula gunia moja kwa siku na mwingine akisema gunia moja na robo, hakuna lililosemwa, kwa sababu magunia ya chakula cha kuku nchini huuzwa yakiwa ya kilo 50 na ya kilo 70. Chakula kiandikwe kwa kilo. Mayai yaandikwe kwa idadi, si kwa trei peke yake, na yale yaliyovunjika au yenye ganda laini yahesabiwe katika safu yake. Kuku wanaokufa waandikwe siku hiyohiyo pamoja na umri wao kwa wiki.

Kwa kuku wa mayai, vipimo viwili vinatosha kuanzia. Cha kwanza ni asilimia ya utagaji, yaani mayai ya siku yakigawanywa kwa kuku walio hai siku hiyo, kisha kuzidishwa kwa 100. Mfugaji aliyeanza na kuku 500, akapoteza 12, akaokota mayai 415, ana utagaji wa asilimia 85, kwa kuwa anagawanya kwa 488 wala si kwa 500. Cha pili ni kilo za chakula zinazotumika kutoa trei moja ya mayai 30. Kuku hao 488 wakila kilo 400 kwa wiki na kutaga mayai 2,905, wametoa trei karibu 97, na kila trei imegharimu kilo 4.1 za chakula. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba kila kuku amekula takribani gramu 117 kwa siku, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa kuku mwepesi wa mayai. Kama kikundi kitakuwa na subira ya kuandika kipimo kimoja tu, basi kiwe hicho cha pili, kwa sababu chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji na kipimo hicho kinagusa chakula na mayai kwa pamoja.

Kwa kuku wa nyama, kipimo kikuu ni kilo za chakula zilizotumika kwa kila kilo ya kuku hai waliouzwa. Vifaranga 200 waliokula jumla ya kilo 640, wakauzwa 190 wenye wastani wa kilo 1.8, wametoa kilo 342, na mgawo wake ni 1.87. Chakula kilicholiwa na wale 10 waliokufa kimo ndani ya hesabu hiyo, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa maana mfugaji alikilipia.

Zaidi ya hapo, kila fomu iwe na aina ya kuku, tarehe ya kuanguliwa, kiwanda cha chakula, chanjo na dawa zilizotolewa, saa za mwanga kwa siku, na joto la juu na la chini la banda. Kipimajoto cha bei nafuu kinatosha. Maji pia yanafaa kupimwa, kwa sababu kuku huanza kupunguza maji kabla hawajaonyesha dalili nyingine za ugonjwa. Hata hivyo, kwa wanaochota maji kwa mtungi ni kazi ya ziada, na sishauri kuilazimisha mwaka wa kwanza.

Kuzingatia mahali

Mji wa Nakuru uko katika mwinuko wa takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Molo na Mau Narok ziko juu zaidi. Kisumu iko takribani mita 1,130, kando ya ziwa. Tofauti hii ndiyo inayovuruga ushauri mwingi unaosafiri kwa simu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kule juu, usiku ni wa baridi na hewa ina oksijeni kidogo. Kuku wa nyama wa kisasa, ambaye hukua kwa kasi, moyo wake na mapafu hulemewa. Damu hushindwa kuzunguka vyema na maji hujaa tumboni. Wafugaji wengi huona kuku mzito, mwenye afya kwa macho, amekufa ghafla akiwa na tumbo lililovimba, wakadhani amelishwa sumu. Dawa za kuua bakteria hazisaidii chochote hapo. Kinachosaidia ni kuzuia baridi katika wiki za kwanza, kuruhusu hewa safi badala ya kuziba kila tundu kwa turubai, na kupunguza kasi ya ukuaji kidogo kwa kutoa chakula kwa vipindi au kutumia chakula cha unga (mashi) badala ya tembe.

Kule ziwani mambo hugeuka. Kuku wa mayai anayehema kwa mdomo wazi mchana kutwa hupunguza kula, na kwa kuhema hupoteza kabonidioksidi kutoka kwenye damu, jambo linalodhoofisha utengenezaji wa ganda. Mayai huwa madogo na yenye ganda jembamba ingawa chakula kina chokaa ya kutosha. Mfugaji wa Kibos au Ahero anayeongeza chokaa kila anapoona ganda jembamba anatibu lisilokuwepo. Angefaidika zaidi kwa kuinua paa, kuweka banda ncha zake zikitazama mashariki na magharibi ili jua lisiingie ubavuni, kutoa maji baridi, na kulisha alfajiri na jioni.

Kwa sababu hiyo, kila taarifa inayoingia katika kumbukumbu za kikundi iwe na jina la mahali na mwinuko au joto la banda. Taarifa isiyo na mahali ihifadhiwe kama tetesi.

Kutafuta na kusoma utafiti uliokwisha kufanywa

Ukanda huu una bahati ya kuzungukwa na watafiti. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo nchini, KALRO, lina taasisi ya utafiti wa wanyama wasiocheua mjini Kakamega, na kituo chake cha Naivasha ndicho kilichojulikana kwa kuboresha kuku wa kienyeji ambao vifaranga wao husambazwa kwa wafugaji. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, kina idara ya sayansi ya wanyama na kimewahi kuendesha mpango wa kuboresha kuku wa kienyeji. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, huko Bondo, kina kituo kinachochunguza wadudu kama chakula cha watu na mifugo, na taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina kampasi yake Mbita, katika ufuo wa Ziwa Viktoria. Kazi ya hao wawili wa mwisho inamhusu moja kwa moja kila anayelalamikia bei ya omena na soya, kwa sababu funza wa inzi mweusi, wanaokuzwa kwa mabaki ya jikoni na ya sokoni, wamechunguzwa kwa miaka kadhaa kama chanzo cha protini kwa kuku.

Kampuni zinazozalisha mbegu za kuku nazo huchapisha miongozo ya bure kwa kila aina, yenye majedwali ya uzito, ulaji na utagaji wiki kwa wiki. Katibu apakue mwongozo wa aina ambayo wanachama wanafuga na kulibandika jedwali hilo kando ya fomu ya kikundi. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba majedwali hayo yanaonyesha uwezo wa kuku anapopewa kila kitu, na kwamba mwenye kuyaandika ana kifaranga cha kuuza. Yatumike kuonyesha mahali ambapo pengo ni kubwa, si kumkatisha mtu tamaa.

Kikundi kinaposoma ripoti ya utafiti, kiulize maswali machache kabla ya kuangalia hitimisho. Kuku walikuwa wa aina gani na wa umri gani? Walilishwa chakula kilichochanganywa kwa uangalifu wa maabara, au kile kinachouzwa madukani? Vizimba vilikuwa vingapi kwa kila chakula kilichojaribiwa? Ni nani aliyefadhili? Swali la vizimba ndilo linalosahaulika zaidi. Kuku 300 katika vizimba viwili ni ushahidi dhaifu kuliko kuku 120 katika vizimba kumi na viwili, kwa kuwa kuku wa kizimba kimoja hula pamoja, huugua pamoja na hupata joto moja, hivyo hawahesabiwi kama mashahidi tofauti. Wanafunzi wa shahada ya uzamili huandika mambo haya waziwazi katika sura ya mbinu, na vyuo vingi huweka tasnifu zao mtandaoni bila malipo. Sura hiyo peke yake inafaa kusomwa kabla ya nyingine yoyote.

Kufanya jaribio la kikundi

Kusoma hakutoshi, kwa sababu chakula kilichofanya vyema katika tasnifu si kile kilichopo dukani leo. Kikundi kinaweza kujaribu chenyewe, na hili ndilo jambo ambalo mfugaji mmoja hawezi kulifanya vizuri peke yake.

Tuseme kiwanda kipya kimeanza kuuza chakula cha kuku wa mayai kwa bei ya chini. Swali liandikwe kwa sentensi moja kabla ya kununua gunia hata moja: je, chakula hiki kinatoa trei moja kwa gharama ndogo kuliko tunachotumia sasa? Swali hilo linaamua kipimo, ambacho ni shilingi za chakula kwa trei. Si rangi ya kiini, si jinsi kuku wanavyochangamka, wala si bei ya gunia. Mambo hayo mengine yanaweza kuandikwa pembeni, lakini yasije yakatumiwa kuokoa hoja iliyoshindwa.

Kisha mabanda yagawanywe. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mfugaji wa kwanza kulisha banda lake lote chakula kipya na wa pili kuendelea na cha zamani, halafu wakalinganisha. Tofauti watakayoiona itakuwa ya mabanda, ya maji, ya mfanyakazi na ya umri wa kuku, na chakula kitakuwa kimefichwa humo ndani. Njia iliyo bora ni kila mwanachama anayeshiriki kugawa kundi lake mara mbili kwa waya, kuku wa umri mmoja na aina moja pande zote mbili, idadi sawa, vilisho sawa, vinywesheo sawa. Upande utakaopewa chakula kipya uchaguliwe kwa kura mbele ya mjumbe mwingine. Kura inaonekana kama utoto, ila bila hiyo mfugaji huweka kitu anachokiamini upande wenye mwanga mzuri na kuku waliochangamka, bila hata kujua anafanya hivyo.

Chakula kibadilishwe polepole kwa siku 7 kwa kuchanganya, na wiki mbili za kwanza zisihesabiwe, kwa maana mayai ya siku hizo yalianza kutengenezwa kwa chakula cha awali na kuku bado wanazoea. Baada ya hapo kupimwe kwa wiki 6 hadi 8. Lisibadilishwe jambo jingine lolote katika kipindi hicho. Mwanachama akilazimika kutoa dawa, atoe pande zote mbili na aandike tarehe.

Matokeo yasomwe banda kwa banda. Mabanda sita yakishiriki, na katika yote sita chakula kipya kikatoa trei kwa gharama ndogo, hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu sarafu ikirushwa mara 6 huangukia upande uleule mara zote kwa bahati tu katika nafasi 1 kati ya 32. Matokeo ya 4 kwa 2 hayasemi kitu. Bahati peke yake huleta mgawanyiko wa namna hiyo, au ulioegemea zaidi, mara nyingi kuliko sare ya 3 kwa 3, na kikundi kinachobadilisha kiwanda kwa ushahidi wa 4 kwa 2 kitabadilisha tena mwaka ujao. Ndiyo sababu mabanda manne hayatoshi na manane ni bora kuliko sita.

Hesabu ya fedha nayo ifanywe hadi mwisho. Kwa mfano, chakula cha shilingi 64 kwa kilo kinachohitaji kilo 4.1 kwa trei kinagharimu shilingi 262 kwa trei. Kile cha shilingi 60 kinachohitaji kilo 4.6 kinagharimu shilingi 276. Gunia la bei nafuu limekuwa ghali, na hakuna aliyeweza kuliona hilo dukani.

Kwa kuku wa nyama, jaribio hufuata kanuni hizohizo, isipokuwa kwamba muda ni mfupi na kila kundi huingia na kutoka pamoja. Yafaa kurudia jaribio katika msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti na katika miezi ya joto ya Januari hadi Machi kabla ya kutoa neno la mwisho.

Kupima chakula

Wanachama wakichanga ada, wanaweza kupeleka sampuli ya chakula maabara kupimwa protini, nyuzinyuzi, chokaa na sumukuvu. Sampuli mbaya hutoa jibu baya lenye mhuri. Sumukuvu haienei sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi juu na kuwa na fundo la ukungu katikati. Kwa hiyo chakula kitolewe kwenye magunia kadhaa, juu, katikati na chini, kichanganywe juu ya turubai safi, kigawanywe mafungu manne, mafungu mawili yanayokabiliana yabaki na mengine yaondolewe, na zoezi lirudiwe hadi ibaki kilo moja hivi. Nusu ipelekwe maabara na nusu ifungwe, itiwe sahihi na watu wawili, itunzwe pakavu pamoja na lebo ya gunia yenye nambari ya utengenezaji. Bila nusu hiyo ya pili, malalamiko kwa kiwanda huwa ni neno lako dhidi ya neno lao.

Wanaochanganya chakula wenyewe kwa mahindi ya shambani wasitumie mahindi yaliyooza eti kwa kuwa ni ya kuku. Kiwango kinachoruhusiwa kwa mahindi ya kuliwa na binadamu nchini ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na mnamo Machi 2021 Kenya ilisimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu. Kuku akilishwa sumu hiyo kidogo kidogo, ini lake huharibika, utagaji hushuka na chanjo hushindwa kumpa kinga inayotarajiwa, hivyo mfugaji hulaumu chanjo.

Magonjwa, maabara na chanjo ya pamoja

Maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ya kanda ipo Nakuru, na kuna nyingine Kericho na Eldoret zinazoweza kufikiwa na wafugaji wa Nyanza na Magharibi. Mzoga upelekwe ukiwa mbichi, siku hiyohiyo, umefungwa katika mifuko miwili ya plastiki isiyovuja na kuwekwa kwenye barafu bila kugandishwa, kwa sababu kugandisha huharibu viungo vinavyochunguzwa. Kuku wawili au watatu wanaoonyesha dalili na bado wako hai wana thamani kubwa kuliko mizoga kumi iliyolala jua. Fomu ya kikundi iende nao. Daktari anayeona kwamba maji yalipungua Jumanne, mayai yakapungua Alhamisi na vifo vikaanza Jumamosi amepewa nusu ya jibu.

Vifo vingi vya ghafla ni jambo tofauti. Kideri kikali na homa ya ndege hufanana kwa macho, na hakuna mfugaji wala muuza dawa anayeweza kuvitofautisha bila maabara. Mnamo Januari 2017 homa ya ndege ilithibitishwa nchini Uganda, katika ndege wa porini na wa kufugwa karibu na Ziwa Viktoria, na Kenya ikapiga marufuku kuku na mazao yake kutoka huko. Kwa hiyo, kuku wengi wakifa kwa siku moja au mbili, hasa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, mfugaji asipasue mzoga, asiuze waliobaki, asisafirishe chochote. Amwite afisa wa mifugo wa kata, aliye na wajibu wa kisheria kushughulikia ugonjwa huo.

Antibiotiki zisitolewe kwa kubahatisha. Maabara inaweza kupima ni dawa ipi inayoua bakteria waliopatikana, na kikundi chenye matokeo kama hayo kutoka mabanda kadhaa hujua dawa zipi zimekwisha nguvu katika eneo lake. Siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama, zilizoandikwa kwenye lebo, ziandikwe pia kwenye fomu.

Chanjo ndiyo faida ya haraka zaidi ya kuwa pamoja. Chupa nyingi za chanjo ya kideri na Gumboro huja na dozi 100 au zaidi, na chanjo iliyokwisha kuchanganywa hudumu saa chache tu. Mwenye kuku 40 hutupa zilizobaki au, vibaya zaidi, huzihifadhi hadi kesho. Wanachama wenye makundi madogo wapange siku moja, wanunue kwa pamoja na kuibeba chanjo ndani ya sanduku lenye barafu hadi dakika ya mwisho. Inayotolewa kwa maji isichanganywe na maji ya mfereji yenye klorini bila kutia unga wa maziwa yasiyo na mafuta kwanza. Mchanjaji abadilishe viatu na kunawa kati ya boma na boma, na asiingie kabisa penye kuku wagonjwa.

Kuwapokea watafiti

Vyuo hutafuta mabanda ya kufanyia utafiti, na kikundi chenye kumbukumbu za mwaka mzima ni mwenyeji anayetamaniwa. Kabla ya kukubali, ombeni kuona leseni ya utafiti inayotolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Andikianeni mkataba mfupi unaosema ni nani atakayelipia hasara kuku wakifa, ni lini matokeo yatarudishwa, na kwamba yatarudishwa kwa lugha ambayo wanachama wanaielewa. Sharti hilo la mwisho lisiachwe. Watafiti wengi ni waungwana, lakini shahada ikishapatikana, kijiji husahaulika. Majina ya wafugaji yabadilishwe kwa nambari katika kila jedwali linalotoka nje ya kikundi, kulingana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Bei nazo zinaweza kukusanywa: bei ya trei langoni, bei ya jumla katika soko la Kibuye mjini Kisumu au katika soko la Nakuru, na bei ya mayai yanayoingia kupitia Busia. Kuandika bei zilizopita ni maarifa halali. Kukaa na kukubaliana kwamba hakuna atakayeuza chini ya bei fulani ni jambo jingine, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza makubaliano ya kupanga bei hata yakifanywa na chama cha wafanyabiashara.

Kutunza na kusambaza

Kila jaribio liandikiwe ukurasa mmoja: swali, mahali, mwinuko, aina ya kuku, idadi ya mabanda, matokeo ya kila banda, na gharama. Majaribio yaliyoshindwa yaandikwe kwa urefu uleule, kwa kuwa ndiyo yanayokizuia kikundi cha jirani kutoka Subukia au Vihiga kisitumie fedha zake kujifunza jambo lilelile. Nakala moja iende kwa afisa wa mifugo wa kata, nyingine ibaki kwa katibu, na ya tatu itunzwe na mtu asiye katibu, kwa maana madaftari mengi ya vikundi yamewahi kuhama pamoja na makatibu wao. Picha za kurasa zinazotumwa kwenye WhatsApp zinasaidia kusambaza, ila hazihesabiwi kuwa nakala, kwani simu zikibadilishwa picha hizo hupotea. Katibu mpya anapochaguliwa, akabidhiwe fomu zote, mizani na kipimajoto mbele ya wanachama, na akae na katibu wa zamani angalau kwa kundi moja zima la kuku wa nyama, tangu vifaranga wanapoingia hadi wanapouzwa, kabla ya kuachiwa jedwali peke yake.